Pibi, AA na vijana wa besiboli: navyopanga orodha yangu ya chipukizi

Wengi mnaonijua hapa Moshi mnanijua kwa ile kofia. Niliinunua soko la Memorial, kwenye turubai la jamaa mmoja anaemwaga kofia za mtumba, elfu tatu, nikang'ang'ana nikapunguziwa mia tano sababu kile kifungo cha juu kilikua kimeshang'oka. Ina picha ya biskuti yenye macho, imetoa ulimi, na ulimi wenyewe ni kipande cha siagi. Mi nikajua ni kofia ya kiwanda cha biskuti basi. Nimeivaa miezi kama minne, kwenye daladala za Kiborloni, kazini, msibani Uru nikaivua kidogo nikaivaa tena, bila kujua nimebeba nini kichwani.

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Sio kuinywa, kuonja, watu wanachanganya na hata mama yangu mpaka leo anawaambia majirani kijana wake analipwa kunywa. Sasa msimu mmoja wa mnada akaja mnunuzi Mmarekani, mtu mzima, maneno machache, tukawa tunazunguka meza, mi nimevaa kofia yangu, akaniangalia akaanza kucheka mpaka akaweka kijiko chini, na muonjaji haweki kijiko chini katikati ya meza hata simu ya mkewe ikiita. Kumbe ile ni timu. Montgomery Biscuits, wapo Alabama, wanacheza besiboli, ligi ndogo, na daraja wanalocheza linaitwa AA.

Hapo kwenye AA ndo aliponikamata. Kwa sisi wa kahawa AA ni neno la kila siku. Ukishakoboa maganda, punje zinapita kwenye chekeche, zile zinazobaki juu ya tundu namba 18, yani karibu milimita 7, ndo AA, kubwa, nzuri machoni, na bei yake mara nyingi iko juu. Ila AA ni ukubwa tu. Haikwambii kitu kuhusu kikombe. Nimeonja AA zenye ladha ya gunia na nimeonja B, zile ndogo zaidi, zilizonifanya nikae kimya. Kwa hiyo nikamuuliza yule mzee, hao vijana wenu wa AA na nyie mnawapima kwa chekeche? Akafikiri kidogo akasema, zamani kidogo ilikua hivyo.

Basi tukaanzia hapo. Kila alivyokuja tulikua tunaonja asubuhi na mchana tunabishana vijana wa besiboli, na alivyoacha kuja mi nikaendelea peke yangu, ndo ugonjwa wenyewe huu. Mechi za jioni kule zikianza saa moja ya usiku kwao huku kwetu ni saa nane au tisa usiku wa manane, sikeshi, nina kazi ya ulimi na ulimi unataka usingizi, ila saa kumi na mbili asubuhi kabla sijapiga mswaki nimeshafungua simu kuangalia nani kapiga nini.

Kwa asiejua, ngoja nieleze haraka. Timu za ligi kuu Marekani ziko 30, na kila moja ina timu nne za chini zinazocheza msimu mzima, jumla 120, zimepangwa hivyo tangu 2021. Chini kabisa ni Single-A, inafuata High-A, halafu AA, halafu AAA, ukitoka hapo ni ligi kuu. Chini ya hizo zote kuna ligi za vitoto, Florida na Arizona, na nyingine Jamhuri ya Dominika ambako mtoto wa miaka 16 anasaini mkataba na timu akiwa hata ndevu hana. Wamarekani wenyewe wanachaguliwa kwenye drafti kila mwaka, timu zinachagua vijana kwa zamu, raundi 20 siku hizi, zamani zilikua 40. Maelfu ya vijana wapo humo ndani na wengi wao hawatacheza ligi kuu hata siku moja. Sasa kuna watu kazi yao, au ugonjwa wao kama mimi, ni kukaa na kupanga: huyu wa kwanza, huyu wa pili, mpaka wa mia. Baseball America wanatoa orodha ya mia bora tangu 1990.

Maskauti, wale wasaka vipaji, wanatumia alama za 20 mpaka 80. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, sio mbovu, wa kawaida. Themanini ni kitu unakiona mara chache sana. Mpigaji anapimwa vitu vitano, kugusa mpira, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kurusha, na kudaka. Na kila kitu anapewa alama mbili, ya leo na ya baadae, unaweza kukuta kijana ameandikiwa nguvu 40 kwa 65, maana yake leo hana lolote ila kwa mwili ule na mikono ile tunaamini itakuja. Mi nlivyoisikia hiyo nlicheka peke yangu, kwetu 80 kwenye fomu ya kuonja ni mlango tu, kahawa ikifika 80 kati ya 100 ndo wanunuzi wa kahawa bora wanaanza kukusikiliza, kwao ukisema 80 watu wanasimama. Siku za mwanzo nlikua namsoma kijana kapewa 55 namuonea huruma, kumbe jamaa ni moto.

Ila zile alama mbili ndo zilizonifundisha. Sisi kwenye kahawa hatuna fomu ya baadae. Kikombe ni cha leo. Mche wa kahawa wenyewe ukiupanda unakaa kama miaka mitatu ndo ukupe matunda ya maana, na hakuna mtu anaepita shambani Kibosho akauandikia mche wa miezi sita kwamba huyu ni 60. Wale jamaa wanafanya hivyo hivyo, kwa watoto wa watu.

Sasa navyopanga mimi. Kitu cha kwanza ni umri, na kabla sijajua umri siangalii namba hata moja. Kijana wa miaka 19 akipiga vizuri AA na jamaa wa miaka 24 akipiga vizuri zaidi Single-A, huyo wa 24 ni mtu mzima anawaonea watoto, namba zake ni kama za yule kaka yetu aliefunga magoli tisa UMISSETA, michezo ya sekondari, wakati kila mtu mtaani anajua ana mtoto wa chekechea. Vijeba tunawajua bwana. Na wenzetu wanao vilevile msifikiri, 2001 kuna mtoto wa timu ya New York aliitwa Danny Almonte alirusha mechi nzima ya mashindano ya watoto hakuna aliefika hata kituo cha kwanza, ikaja kujulikana ana miaka 14 wakati mwisho ni 12. Tena timu ya Washington ilimsaini kijana wa Dominika 2006 kwa dola milioni 1.4 kama mtoto wa miaka 16, baada ya miaka karibu mitatu ikagundulika jina sio lake na umri umepunguzwa miaka minne. Milioni 1.4! Fikiria umenunua loti nzima ya AA halafu ukifungua gunia unakuta imekobolewa msimu ule wa zamani.

Cha pili ni amekutana na nani na wapi. Hapa nlipigwa mwenyewe. Kuna msimu nlimpandisha mpigaji mmoja sana, sitamtaja maana hakuwa na kosa ni mimi, alikua anapiga hom rani, ule mpira unaotoka nje ya uwanja, kama anachuma parachichi, nikamweka kwenye ishirini bora zangu. Yule mzee akanitumia ujumbe mfupi tu: angalia uwanja. Alikua anachezea Albuquerque, AAA, uwanja uko juu kama mita 1,600 hivi, yani ni chini ya geti la Marangu. Hewa nyepesi, mpira ukipigwa unakwenda tu, na mpira wa kupinda haupindi vizuri maana hauna hewa ya kushika. Nlijisikia vibaya kwa sababu urefu kutoka usawa wa bahari ndo kitu cha kwanza naandika kwenye sampuli yoyote ya kahawa, kahawa ya juu inaiva taratibu, punje inakua ngumu, asidi inakua nzuri. Kazini najua fika mlima unafanya nini, kwenye besiboli nikasahau kuuliza mita ngapi. Kwetu mwinuko unaitengeneza kahawa, kule unamdanganya mtu.

Cha tatu ni je anajua mpira wa kupiga na wa kuacha. Mpigaji mzuri anaacha mirusho mibaya ipite, ikifika minne anapewa nafasi ya bure kwenda kituo cha kwanza, hiyo mi naipenda kuliko hom rani. Akiwa na straikauti nyingi, yani anatolewa bila kuupiga mpira, kule chini kwa warushaji wa AA, ligi kuu wanamla mzima. Nguvu zinaweza kuja na umri, mwili ukijaa. Jicho likija ni taratibu sana, mara nyingi haliji.

Warushaji sina mengi ya kusema, ni kahawa iliyoko kwenye vitanda vya kuanikia na mawingu yameanza kutanda. Bega moja, kiwiko kimoja, kwisha. Brien Taylor aliwahi kuchukuliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 1991 na Yankees, akaumia bega Desemba 1993 kwenye ugomvi wa mtaani uliomhusu kaka yake, hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Ndo maana orodha yangu warushaji ni wachache na najua mnanilaumu.

Halafu kuna hili la mwili, na hapa ndo nataka kukaa kidogo maana ndo nimekosea sana.

Kuna punje kwenye kahawa inaitwa pibi. Kawaida tunda moja linakua na punje mbili zimelaliana, ubapa kwa ubapa. Mara chache inatokea punje moja tu, inakua ya mviringo kama njegere, ndogo. Ukiwaangalia wageni kwenye chumba chetu wakiona trei ya AA na trei ya PB, yani pibi, mkono unaenda kwenye AA bila kufikiri. Na wakati Wamarekani wanaipenda sana pibi ya Tanzania, wanaitafuta kabisa kwa jina.

Altuve ndo pibi. José Altuve wa Venezuela, ana futi tano na inchi sita, yani kama sentimita 168, mi mwenyewe namzidi. Alienda kwenye majaribio ya Houston kule Maracay akiwa kijana mdogo, siku ya kwanza wakamwambia rudi nyumbani we mdogo sana, baba yake akamwambia kesho rudi tena. Akarudi. Wakamsaini 2007 kwa dola 15,000, hela ambayo hainunui hata Noah ya kueleweka pale stendi. Akaja kuwa bingwa wa kupiga wa ligi yake mara tatu na 2017 akawa mchezaji bora. Na maskauti waliokua pale siku ya kwanza sio wajinga, ndo kinachoniogopesha, walikua watu wenye macho, wametumia chekeche tu.

Upande wa pili kuna Tim Beckham. Huyu alikua AA halisi ya chekeche, mwili, mbio, mikono, kila kitu, Tampa Bay wakamchukua wa kwanza kabisa drafti ya 2008 wakamuacha Buster Posey akaenda wa tano. Beckham hakua mbovu, alicheza ligi kuu, ila hakuwa yule waliyemnunua. Sasa sikilizeni hii, mi nikiisimulia kijiweni hamna anaeniamini. 2017 Tampa wakambadilisha Beckham wakapewa mrushaji mdogo wa ligi za chini anaitwa Tobias Myers. Novemba 2021 wakambadilisha Myers kwa Cleveland wakapewa mtoto wa miaka 18 aliekua anacheza ligi ya vitoto kule Dominika, Junior Caminero. Tampa hawakua na nafasi ya Myers, walikua wanapanga majina nani abaki nani aende, wakaona bora wachukue mtoto ambae bado yuko mbali. 2023 Caminero yuko wapi? Montgomery, amevaa biskuti yangu! Nlikua namfuatilia kama ndugu yangu yuko Marekani. Msimu ule kwa timu mbili za chini alipiga hom rani 31, na Septemba wakamtoa AA moja kwa moja ligi kuu bila kupitia AAA, ana miaka 20. Mwaka 2025 alipiga 45. Nikafurahi nikamnunulia mlinzi wetu soda, akauliza nani kazaliwa.

Kwa hiyo namba moja wa 2008, ukifuata kamba, ndo alieleta Caminero. Hiyo hakuna skauti duniani aliyeiandika kwenye fomu.

Watu wanapenda kusema nyota njema huonekana asubuhi. Mi naishi Moshi. Huku asubuhi unaona Kibo nzima mpaka mistari ya barafu, unamwita mgeni toka nje haraka, anaenda kutafuta kamera, saa nne mlima haupo. Na kuna siku asubuhi ni ukungu mtupu, saa kumi na mbili jioni unageuka hivi unaukuta umesimama juu ya paa la jirani. Jackson Holliday alichukuliwa wa kwanza 2022, akawa namba moja wa kila orodha, Aprili 2024 akapandishwa ligi kuu na Baltimore akiwa na miaka 20. Alipata mipigo miwili katika majaribio 34. Miwili. Wakamrudisha chini baada ya mechi kumi. Watu wakaanza kumfuta, mi nikamuacha palepale nlipomuweka maana umri wake ulikua haujabadilika kwa sababu ya wiki mbili mbaya, na kuna kitu unakijua kwa kijana siku anaporudishwa chini kuliko siku anayopandishwa. Kwa hilo najipa maksi, jingine halipo.

Na Gift Ngoepe je. Huyu wa kwetu huku, Afrika Kusini. Mama yake alikua anafanya kazi kwenye klabu ya besiboli Randburg, wakaishi kwenye kachumba ndani ya klabu, mtoto akitoka mlangoni anakanyaga uwanja. Pittsburgh wakamsaini 2008. Miaka minane na ushee kwenye ligi ndogo, mabasi, hoteli za bei rahisi, na mshahara wa ligi hizo zamani ulikua aibu, AA walikua wanapata kama dola 13,800 kwa mwaka mpaka mkataba wa 2023 ulipoupandisha zaidi ya mara mbili. Kwenye orodha za mia bora usimtafute. Tarehe 26 Aprili 2017 akaingia, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa Afrika kucheza ligi kuu, mara yake ya kwanza kushika gongo anakutana na Jon Lester, sio mtu mdogo, na akampiga, akafika kituo cha kwanza. Nilikua sijalala siku hiyo, nlikua na malaria, naweza kusema ilinisaidia kuliko dawa. Hakudumu, mechi za ligi kuu alizocheza hazifiki hamsini. Sasa mtu kama huyo unampa alama gani? Mimi kwenye daftari nimemwandikia tu tarehe.

Turudi kwenye kosa langu, nimezunguka makusudi maana linaniuma.

Msimu uliopita tulipokea vijana watatu kujifunza kuonja. Mimi ndo nlikabidhiwa, na mimi na ugonjwa wangu nikafungua daftari nikawapanga. Wa kwanza nlimuweka kijana mmoja mrefu, katoka chuo, anaongea, akivuta kahawa kwenye kijiko inalia mpaka barabarani, na kuvuta kwa kelele ni sahihi, kahawa inatakiwa isambae mdomo mzima. Wa mwisho nlimuweka binti wa Rombo, miaka 21, mfupi, mkimya, anavuta kama anaficha. Nikamwandikia 35 kwa 45 za besiboli. Nina ushahidi, daftari lipo.

Wiki ya sita tukafanya zoezi la vikombe vitatu, viwili sawa kimoja tofauti, unatafuta tofauti, seti sita, na safari hii tukaingia wote hata sisi wa zamani. Mrefu alipata tatu. Mimi nlipata tano, nasema ukweli. Binti akapata sita. Sikuamini, nikasema bahati. Siku ya pili yake tuko kwenye meza ya loti za kweli, za wateja, tumeshavunja utando wa kahawa juu ya vikombe, tumezunguka mara mbili, kila mtu ameshaandika, loti ile kila mtu kaipa juu ya 83. Yeye kasimama kwenye kikombe cha nne cha loti ile, amekiinamia. Nikamuuliza vipi. Akasema taratibu, "Kaka, hiki kina harufu ya gunia lililolowa."

Nikaonja. Hamna. Nikaonja tena kikiwa kimepoa kidogo, na kahawa ikipoa haifichi, na hapo kikaja, mbali, mwisho kabisa wa ulimi, gunia. Tulienda kuangalia sampuli upya tukakuta mfuko mmoja ulikaa chini ya dirisha linalovuja. Nilimuuliza umejuaje, akasema kwao mama yake alikua anaanika kahawa kwenye magunia na mvua za kule zinakuja bila hodi, hiyo harufu ameikulia.

Mimi ninaewahubiria watu kila mwaka, umri kwanza, amekutana na nani, nikasahau kuyauliza hayo kwa binti wa miaka 21 mwenye wiki sita za kazi, anaekaa meza moja na watu wenye miaka kumi na tano kazini. Niliangalia chekeche. Nikamwonyesha daftari, nlijisikia lazima. Akaiangalia ile 35 kwa 45, akauliza ni kati ya ngapi, nikamwambia 80, akasema "haya."

Basi ndo huyo huyo nliempelekea orodha yangu ya chipukizi juzi kabla sijaituma hapa. Msimu wa 2025 umeisha, nimekaa na majina wiki nzima, juu kabisa nikaweka hivi: wa kwanza Kevin McGonigle wa Detroit, wa pili Konnor Griffin wa Pittsburgh, wa tatu Leo De Vries wa Athletics, wa nne Jesús Made wa Milwaukee. Nikamweleza. McGonigle ni mfupi kidogo kwa wale, sentimita 178, drafti ya 2023 alisubiri mpaka namba 37, ila jicho lake ni la ajabu, nafasi za bure anapata nyingi kuliko straikauti. Pibi, nikamwambia, huyu ni pibi. Nlikua nimejipanga kabisa, nikamwambia Griffin ana sentimita 193, ana mwili wa AA, wengi wamemweka wa kwanza, na mi nimejifunza kutonunua kwa chekeche.

Alikua anaosha vijiko. Akauliza, "Huyo mrefu ana umri gani?"

Kumi na tisa.

"Na amefika wapi?"

AA. Alianza Single-A Aprili akamaliza AA, msimu mmoja, madaraja matatu, amepiga 333 kwenye elfu, hom rani 21, kaiba vituo 65, yani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa. Wakati wa drafti ya 2024 walikua na wasiwasi kama ataugusa mpira, ndo maana alishuka mpaka wa tisa.

"Na huyo mfupi?"

Ishirini na moja, ametimiza Agosti. Naye AA.

Akafuta vijiko kimoja kimoja akavipanga kwenye kitambaa, migongo juu, kama navyowafundisha. "Kwa hiyo kaka, huyo mwingine umemshusha kwa sababu ni mrefu?"

Nikamwambia sio hivyo, kuna mambo mengi. Akasema sawa kaka, akaenda kumwaga ndoo.

Griffin wa kwanza. Nimemwandika kwa penseli. McGonigle wa pili, na Made nimemsogeza juu ya De Vries maana nlivyoanza kuangalia tarehe za kuzaliwa sikuweza kuacha, Made ni wa Mei 2007, mwenzake Oktoba 2006. Wa tano mpaka wa thelathini nitawatuma Jumapili, nataka kwanza nirudie umri wa kila mmoja.